Afya ya akili darasani: Mtoto wa Murangi aambiwe nini, na nani?

MTOTO anayemaliza darasa la saba katika Kata ya Murangi, Wilaya ya Musoma mkoani Mara, anakuwa amefundishwa mengi kuhusu mwili wake. Anajua kuwa maji ya Ziwa Victoria anayoogelea ndiyo yanayoweza kumpa kichocho, na kwamba konokono wana sehemu yao katika ugonjwa huo. Anajua kuwa mbu wa malaria huuma usiku. Amesikia habari za Ukimwi tangu angali mdogo. Shule ndiyo pia mahali ambapo watoto wa Kanda ya Ziwa hupangwa foleni na kumezeshwa dawa za kichocho na minyoo, huku walimu wao wakisimamia.

Jambo ambalo hakufundishwa ni kwa nini, baada ya kufiwa na baba, alikaa miezi kadhaa akitazama ukurasa mmoja wa kitabu bila neno hata moja kumwingia. Hakuna kipindi kilichomweleza kwamba hofu inayomshika usiku ina jina, kwamba huwapata watu wengi, na kwamba yupo mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza habari za namna hiyo.

Suala la kuwafundisha watoto kuhusu afya ya akili limekuwa likizungumzwa zaidi nchini katika miaka ya karibuni, hasa kila inapofika Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Wanaolitetea wana hoja nzito. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili, na sehemu kubwa ya matatizo hayo haitambuliwi wala kutibiwa. Umri huo, kwa sehemu kubwa, ndio umri wa kukaa darasani. Hata hivyo, swali ambalo mara nyingi huachwa bila jibu katika semina za mijini ni la namna. Mtoto wa kijiji cha wavuvi aambiwe nini, kwa maneno gani, na akishaambiwa ampelekee nani shida yake?

Murangi iko kando ya ziwa, upande wa njia itokayo Musoma mjini kuelekea Makojo na Busekela. Ni moja ya kata 21 za Jimbo la Musoma Vijijini, jimbo lenye vijiji 68. Wakazi wake ni wavuvi na wakulima wa mihogo, viazi vitamu na mazao mengine ya jembe la mkono. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku wa giza kwa kutumia taa, hivyo maisha ya familia nyingi hufuata mwezi. Giza likiingia, baba yuko majini; mbalamwezi ikirudi, naye anarudi nyumbani. Kwenye mialo watoto nao wana kazi zao za kuanika dagaa, kuvuta kamba na kufukuza ndege. Mvulana aliyekesha mwaloni ndiye anayesinzia katika kipindi cha Hisabati asubuhi inayofuata.

Ziwa hilo hilo linalowalisha ndilo linalowafilisi watu. Julai 30, 2023, mtumbwi uliokuwa umebeba waumini waliotoka ibadani ulizama eneo la Mchigondo, wilayani Bunda, jirani kabisa na Musoma Vijijini. Zaidi ya watu 10 walipoteza maisha, wakiwamo watoto. Viongozi walifika, miili iliopolewa, mazishi yalifanyika na vyombo vya habari vikahamia kwenye habari nyingine. Miaka mitano kabla ya hapo, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na kuua watu zaidi ya 220. Kizazi cha wazazi wao kinaikumbuka MV Bukoba ya Mei 21, 1996. Nyuma ya kila ajali ya aina hiyo wapo watoto ambao, baada ya matanga, hutakiwa kurudi darasani na kuitika "nipo" mwalimu anapoita majina katika daftari la mahudhurio.

Mkoa wa Mara una mizigo mingine pia. Utafiti wa Hali ya Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa mkoa huo wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 10. Murangi si kitovu cha mila hiyo; inatajwa zaidi Tarime, Serengeti na baadhi ya maeneo ya Butiama. Lakini kila Desemba wapo wasichana wa mkoa huo wanaokimbilia nyumba salama kama ile ya Masanga, na Januari wanarejea shuleni wakiwa wamewakimbia wazazi wao wenyewe. Msichana wa miaka 12 aliyefanya uamuzi wa aina hiyo hawezi kuwa anawaza mtihani peke yake.

Shule inamwonaje mtoto huyu? Hapo ndipo penye tatizo lenyewe, na pengine ndipo panapopaswa kuangaliwa kabla ya kuandika muhtasari wowote wa somo. Shule ina maneno yake ya zamani kwa mtoto aliyeumia moyoni. Anayelala darasani huitwa mvivu. Anayepigana na wenzake ni mtukutu. Asiyejibu anapoulizwa ni jeuri, na anayekaa porini mpaka saa za kutoka ni mtoro. Maneno yote hayo yanaelezea tabia, hakuna hata moja linaloelezea hali. Na kwa kuwa ugonjwa umeitwa tabia mbaya, dawa yake inajulikana, nayo husimama kwenye kona ya ofisi ya walimu.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kila aliyesoma shule ya Tanzania anajua umbali uliopo kati ya kanuni hizo na hali halisi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulibaini kuwa zaidi ya nusu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya 10 na mvulana mmoja kati ya saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono wakiwa watoto.

Takwimu hizo zikiwekwa pamoja, ugumu wa somo linalopendekezwa unaonekana. Mwalimu anayesimama saa mbili asubuhi na kuwaambia watoto "mwenye jambo moyoni aje aniambie" ndiye huyo huyo anayewasubiri getini na fimbo kwa sababu ya kuchelewa. Mtoto si mjinga. Atasikiliza somo, atanakili maelezo ubaoni, atajibu maswali ya mtihani, na jambo lake atabaki nalo.

Si haki, hata hivyo, kumtupia mwalimu lawama zote. Kiwango cha Serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu ada na michango ya lazima ilipoondolewa mwaka 2016, madarasa mengi ya vijijini yamefurika kupita kiwango hicho. Mwalimu mwenye watoto 90 mbele yake hana jicho la kumwona mmoja aliyenyamaza. Anayeonekana ni yule anayepiga kelele. Isitoshe, mwalimu naye ni mtu. Naye hufiwa, naye hudaiwa, naye hupangiwa kituo cha mbali na mwenza wake, na hakuna anayemuuliza habari za usingizi wake.

Kuna dalili kuwa hali hiyo inaweza kubadilika. Mwaka 2018 watafiti wa Tanzania na Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule nane za sekondari za Serikali nchini. Walimu wa nusu ya shule hizo walipewa mafunzo ya siku chache kuhusu namna ya kuishi na watoto darasani na kudumisha nidhamu bila kipigo. Miezi kadhaa baadaye, walimu na wanafunzi wa shule hizo waliripoti kipigo kidogo kuliko wenzao. Mwezi Agosti mwaka huo huo kifo cha mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Bukoba kilizua mjadala wa Taifa zima kuhusu viboko. Kwa bahati mbaya mjadala huo uliishia katika kubishana iwapo fimbo ni mila yetu au si yetu, na matokeo ya jaribio lile hayakupata nafasi.

Ipo tafsiri nyingine ambayo shule na jamii za kando ya ziwa hutumia mtoto anapozidiwa, nayo ni ya mapepo. Kila baada ya muda husikika habari za wanafunzi, wengi wao wasichana, kuanguka na kupiga kelele darasani au bwenini. Wazazi huja na wachungaji, mashehe au waganga, na wapo wanaotaka shule ihamishwe au mti fulani ukatwe. Mwezi Septemba 2008 mjini Tabora wasichana wapatao 20 walizimia wakiwa katika chumba cha mtihani, na maelezo ya ushirikina yakatangulia maelezo mengine yote.

Tanganyika ilikwisha kuwa na tukio la namna hii ambalo hadi leo hutajwa katika vitabu vya tiba duniani. Januari 30, 1962, ng'ambo ya pili ya ziwa hili, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Hali hiyo iliwapata wasichana 95 kati ya 159 waliokuwapo, wakicheka na kulia kwa saa kadhaa na wengine kwa siku kadhaa, na Machi 18 shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao, kicheko kilifuata vijijini na katika shule nyingine. Madaktari Rankin na Philip, walioandika ripoti yake mwaka 1963, walipima damu na kuchunguza chakula. Hawakupata sumu wala vijidudu. Hitimisho lao lilikuwa kwamba chanzo ni mfadhaiko wa nafsi uliosambaa kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine.

Jambo la kuzingatia katika kisa cha Kashasha, ambacho wageni hukisimulia kama kichekesho, ni kwamba wasichana wale hawakuwa wakifurahi. Walikuwa mabinti wa miaka 12 hadi 18, mbali na nyumbani, chini ya nidhamu kali, katika wiki za mwanzo kabisa za nchi mpya ambayo wazazi wao waliitarajia mambo makubwa. Hawakuwa na neno la kueleza kilichowabana, na mwili ukaeleza kwa niaba yao.

Suala la maneno ndilo linalostahili kukaliwa zaidi, kwa sababu hapo somo linaweza kufanikiwa au kuharibika kabla halijaanza. Wataalamu wamezoea kusema "afya ya akili". Ni istilahi sahihi, imo hata katika Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Lakini shuleni neno "akili" lina kazi nyingine. Mtoto mwenye akili ni yule anayeshika nafasi ya kwanza. Asiye na akili ni yule anayeshika mkia, na huambiwa hivyo hadharani. Ukimwambia mtoto huyo kwamba leo kuna somo la afya ya akili, atadhani linahusu kufaulu. Ukimwambia kuhusu ugonjwa wa akili, atamkumbuka kichaa wa sokoni anayerushiwa mawe, au atalikumbuka jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyoanzishwa mwaka 1927 ambayo jina lake limegeuzwa tusi la kutaniana mitaani. Katika hali zote mbili hatajiona yeye mwenyewe ndani ya somo hilo.

Kumbe Kiswahili hakina umaskini wa maneno katika jambo hili. Watu husema "fulani ana mawazo", na kila msikilizaji anaelewa kwamba mtu huyo hana raha, halali vizuri na chakula hakimpiti. Husema moyo mzito, roho inauma, nafsi imenyong'onyea, mwili hauna nguvu bila homa. Wataalamu wa tiba wamelichukua neno sonona kuitaja hali hiyo inapokuwa ugonjwa, na kiwewe kwa yale yanayobaki baada ya tukio la kutisha. Ni maneno mazuri. Mtoto akipandishwa kutoka "mawazo" hadi "sonona" ngazi kwa ngazi, atafika. Akianzishwa juu, hatafika. Nchini Zimbabwe, mpango wa mabenchi ya urafiki ulioanzishwa na daktari bingwa Dixon Chibanda, ambao akina bibi waliofunzwa huketi na wagonjwa nje ya zahanati na kuwasikiliza, ulianza kwa neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Wagonjwa walilitambua mara moja.

Kwa Murangi suala hili ni gumu zaidi, kwani watoto wengi hufika darasa la kwanza wakiwa na lugha ya nyumbani, Kijita au Kikwaya, na majonzi yao ya kwanza waliyapata katika lugha hiyo. Kisha wakifika kidato cha kwanza lugha ya kufundishia hubadilika na kuwa Kiingereza. Zipo shule za sekondari ambako mwanafunzi huadhibiwa kwa kuzungumza Kiswahili katika mazingira ya shule. Ni vigumu kufikiria kijana wa miaka 15, ambaye bado anahangaika na nyakati za vitenzi, akieleza kwa Kiingereza kwamba tangu mtumbwi uzame haoni sababu ya kuamka asubuhi.

Jambo jingine ni mahali ambapo somo litapachikwa. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika kwa awamu Januari 2024, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imerefusha elimu ya lazima hadi miaka 10. Katika mitaala hiyo afya ya akili haikupewa somo lake, jambo ambalo si kosa. Ratiba ya mtoto imejaa tayari. Hatari iko kwingine. Mambo ya hisia, uvumilivu na kuishi na wenzake huelekea kuwekwa upande wa maadili, na katika elimu ya msingi lipo somo la lazima linaloitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Maadili ni kitu chema, lakini maadili hupima wema na ubaya. Mtoto akifundishwa huzuni na hofu katika kapu moja na uongo na wizi, atatoka na fundisho kwamba kuumia ni kukosa adabu. Nafasi ya asili ya somo hili ni pale pale anapofundishiwa kichocho: kwenye Sayansi na afya, ambako ugonjwa hautafutiwi mwenye kosa.

Majaribio yaliyofanyika kwingine yanaweza kuongoza, ingawa hayasemi jambo moja. Mkoani Arusha, katika mradi uliohusisha wataalamu wa Kanada, walimu wa sekondari walipewa mafunzo ya siku tatu kwa kutumia mwongozo uliokuwa umerekebishwa kwanza kwa ajili ya Malawi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa uelewa wao uliongezeka na unyanyapaa ukapungua. Ni habari njema, ila kilichopimwa katika ripoti hiyo ni walimu wenyewe mara baada ya mafunzo. Kwamba mwalimu ameelewa haina maana kwamba mtoto amesaidika.

Barani Ulaya jambo hilo lilipimwa kwa upana zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulihusisha wanafunzi 11,110 katika shule 168 za nchi 10. Baadhi ya shule walimu walifundishwa kutambua mtoto aliye hatarini. Nyingine wataalamu waliwapima wanafunzi kwa madodoso. Kundi la tatu wanafunzi wenyewe walikaa, wakazungumza na kuigiza hali za maisha yao kwa saa chache. Mwaka mmoja baadaye, kundi lililoonyesha tofauti ya wazi ni lile la tatu, ambako majaribio ya kujidhuru yalipungua kwa karibu nusu. Kuwafundisha walimu peke yao hakukutosha. Kwa upande mwingine, nchini Uingereza jaribio kubwa la kuwafundisha wanafunzi zaidi ya 8,000 mazoezi ya kutuliza fikra, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2022, halikuonyesha faida zaidi ya masomo ya kawaida ya malezi yaliyokuwapo. Wengi wa watoto hao hawakuwa wakiyafanya mazoezi nyumbani. Walionekana kuyachukulia kama somo jingine la kupita.

Jaribio lililo karibu zaidi na mazingira yetu lilifanyika Kenya. Taasisi iliyojiita Shamiri iliwatumia vijana waliotoka kumaliza sekondari, ambao si madaktari wala walimu, kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vipindi vinne tu, kimoja kwa wiki. Hawakuzungumzia magonjwa ya akili. Walizungumzia namna mtu anavyoweza kubadilika, mambo ya kushukuru, na yale ambayo kila mmoja anayathamini. Utafiti uliohusisha wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, ulibaini kuwa dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea, na tofauti ilikuwa ingalipo miezi saba baadaye. Gharama yake ni ndogo. Vijana waliomaliza kidato cha nne wakakosa kazi hawajawahi kuwa bidhaa adimu Musoma Vijijini.

Hata hivyo, hakuna jaribio hata moja kati ya hayo lililofungua mdomo wa mtoto bila kuwa na mtu wa kumpokea. Hapo Murangi inahitaji kutazamwa kwa ukweli. Kata hiyo ina kituo cha afya, na hospitali ya wilaya ipo Kwikonero, katika Kata ya Suguti. Baada ya hapo ni hospitali ya rufaa mjini Musoma, kisha Bugando jijini Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache na wengi wako katika miji mikubwa. Kama somo litaanzishwa kabla ya tabibu au muuguzi mmoja wa kituo cha afya kupewa mafunzo na siku maalumu ya kuwaona watoto, mwalimu atakayepokea siri nzito Jumatatu hatakuwa na mahali pa kuipeleka Jumanne. Na siri iliyotolewa ikakosa mpokeaji humfunza mtoto kutozungumza tena.

Kwenye makaratasi, mpokeaji yupo. Wizara ya Elimu ilitoa waraka kuhusu huduma za malezi na ushauri nasaha shuleni tangu mwaka 2002, na mradi wa kuboresha elimu ya sekondari (SEQUIP), ulioanza mwaka 2020 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 500, una kipengele cha shule salama kinachojumuisha walimu washauri. Lakini mwalimu mshauri katika shule nyingi ni mwalimu wa kawaida aliyeongezewa jina. Vipindi vyake havikupunguzwa, chumba cha faragha hana, na mara nyingine ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu. Muungano huo wa vyeo viwili, ushauri na fimbo, unaweza kuvunjwa na mwalimu mkuu kesho asubuhi bila bajeti yoyote.

Sheria nayo inahitaji kuguswa. Kanuni ya Adhabu, iliyoachwa na wakoloni, imekuwa ikihesabu jaribio la kujiua kuwa ni kosa la jinai. Mwalimu anayeambiwa na mwanafunzi kwamba amechoka kuishi hujikuta akijiuliza kama hilo ni la hospitali au la polisi, na wengi huchagua kutolisikia. Nchini Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Mwanafunzi wa hali hiyo anahitaji kukaa na mtu mzima anayemwamini na kufikishwa kwa mtaalamu wa afya siku hiyo hiyo, na mwalimu anayempeleka hapaswi kuogopa kuandikisha maelezo kituoni.

Wazazi watakuwa na maswali, na ni haki yao. Wapo watakaosema watoto wanafundishwa kulalamika, kwamba wao walikulia katika shida kubwa zaidi na hawakuhitaji somo. Wapo watakaohofu kwamba siri za nyumba zitamwagwa ubaoni. Hoja ya pili ni ya kweli kuliko ya kwanza, na inajibika kwa kanuni moja rahisi: darasani hazungumzwi mtoto yeyote, huzungumzwa hali, ya mtoto husikilizwa faraghani. Wazazi wakiitwa mapema, pamoja na wachungaji, mashehe na wazee, mkutano huo wa kijiji utakuwa na faida kuliko vitabu vyenyewe, kwa kuwa mtoto atakayepata jina la hali yake darasani atarudi nalo nyumbani jioni.

Kwa sasa, mtoto wa Murangi anaweza kupiga namba 116, Simu kwa Mtoto, bila malipo. Ni huduma nzuri, na namba hiyo inastahili kuandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa kila shule. Ila mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Nyumbani simu ni ya baba au ya mjomba, huchajiwa kwa jirani mwenye umeme wa jua, na mara nyingine mwenye simu ndiye anayehusika na jambo ambalo mtoto alitaka kulisema. Mtoto huyo atamtafuta mtu mzima aliye karibu, na kwa saa nane za siku mtu huyo ni mwalimu wake.